Bosi ametoka kidogo... tangu mwaka juzi!

(Maongezi na vijana wa Mwanga, Kigoma. Tumeyachapa ili na wewe ambaye hukuwapo uyasikie.)



Mada niliyopewa ni "Jinsi ya kupata kazi". Nilipoisikia nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumwomba mwandishi wa kujitegemea aeleze jinsi ya kupata kazi ni sawa na kumwomba mwenye njaa aeleze jinsi ya kuvimbiwa. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nina kalamu, daftari na simu yenye kioo kilichopasuka. Habari ikitoka nalipwa, isipotoka basi nimefanya mazoezi ya miguu. Kwa hiyo jinsi ya kupata kazi wakuambie wengine. Mimi nitakuambia habari za kuitafuta, maana huko nina uzoefu, tena ule uzoefu wa miaka mitatu wanaoutaka kwenye matangazo yao.

Na katika yote nitakayosema lipo jambo moja tu ninalolitaka likukae kichwani. Kijana wa nchi hii hadai kwamba kila mtu apewe kiti cha kuzunguka na feni ya kichwani. Anajua viti havitoshi, hesabu hiyo hata wa darasa la pili anaiweza. Anachodai ni jibu. Ndiyo au hapana, basi! Kwa sababu "hapana" inauma siku moja, lakini "njoo kesho" inakula miaka.

MANENO MATATU YALIYOPITA UJIJI

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana lugha haisahau hata sisi tukisahau.

Chukua neno "kibarua". Ukilitazama vizuri utaona ndani yake imekaa "barua". Wazee wa lugha wanatueleza kwamba kule pwani zamani mtu wa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, kibarua, cha kuonyesha kwamba amefanya kazi na anastahili malipo. Yaani karatasi ilikuja baada ya kazi. Leo wewe unaandika barua kumi, kumi na tano, ishirini, unazipeleka, na kazi huioni. Wenzetu walifanya kazi wakapewa barua. Sisi tunatoa barua na kazi hatupewi.

Chukua "posho". Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia hapa kwetu Ujiji. Wapagazi waliibeba biashara ya nchi nzima kichwani, pembe zikienda pwani, nguo na shanga zikija bara. Chakula chao cha njiani, au kitambaa cha kununulia chakula hicho, ndicho kilichoitwa posho. Angalia basi maajabu ya dunia. Mpagazi alipewa posho kwa sababu alitembea, lakini leo posho nono inaitwa "ya kikao", yaani mtu analipwa kwa kukaa! Na yule aliyetoka Ujiji kwa miguu hadi mjini kuleta barua yake ya maombi, hata maji ya kunywa hapewi.

La tatu ni "kipande". Enzi za Mwingereza mfanyakazi wa shamba la mkonge alikuwa na kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku unatiwa alama. Kipande kikijaa, unalipwa. Ulikuwa utaratibu wa kunyonya, sitaki mtu ausifu hapa. Lakini hata mnyonyaji yule alihesabu siku za mtu. Sasa niambie, ni ofisi gani leo inayohesabu siku zako unazokaa kwenye benchi la mapokezi?

HATA LIVINGSTONE HAKUJIBIWA

Kama unadhani kutojibiwa barua kumeanza na wewe, panda daladala nenda Ujiji, pale kwenye mnara wa kumbukumbu wa Livingstone. Yule mzee alikaa huku kwetu akiumwa, akiandika barua kwenda kwao. Imeandikwa kwamba kati ya barua 44 alizotuma, moja tu ndiyo iliyofika Unguja. Arobaini na nne, jamani! Huyo ni mwenzetu kabisa.

Sasa gazeti moja la Marekani, New York Herald, likamtuma mwandishi wake Stanley aje amtafute. Akaondoka Bagamoyo Machi 1871, akaingia Ujiji Novemba 1871, miezi kama minane porini. Na yule ni mwandishi mwenzangu, ila yeye alikuwa na mwajiri, nauli na wapagazi. Mimi wa mwisho wa reli nina bodaboda ya kukopa.

Somo ni hili. Mzungu asipojibiwa barua, gazeti linatoa fedha mtu avuke nchi nzima kumtafuta. Kijana wa Ujiji asipojibiwa barua, anaambiwa hana subira.

KAZI ILIPOMTAFUTA MUHA

Vijana wenzangu, kuna wakati kazi ndiyo iliyokuwa ikimtafuta mtu wa Kigoma. Reli ilifika hapa 1914, na baadaye ikawa mrija wa kunyonya nguvu za mkoa huu. Wenye mashamba ya mkonge wa Tanga na Morogoro walikuwa wakituma mawakala hadi Kasulu na Kibondo kuchukua vijana wa Kiha. Mwaka 1944 waliunda hata ofisi yao maalumu ya kuajiri, ile iliyojulikana kwa jina la SILABU. Babu zetu wakaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Hakuna aliyeulizwa uzoefu. Hakuna aliyeulizwa anajionaje baada ya miaka mitano. Walimtazama mabega tu!

Halafu uhuru ukaja, na ofisi zikawa zetu. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvukazi, na mtu asiye na kazi ya kueleweka Dar es Salaam akawa anakamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Fikiria, kukosa kazi lilikuwa kosa! Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Waliokuwa na kazi ndio wakaanza kupunguzwa, mashirika ya umma yakauzwa, na baba wa watu aliyezoea kutoka na mkoba asubuhi akajikuta anashinda kwenye bao na vijana wa kula kulala.

Na siku hizi? Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita vijana kwenye usaili. Walikuja zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70! Ukumbi gani ungewatosha? Wakapelekwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakajaa majukwaani kama siku ya Simba na Yanga, tofauti ni kwamba hapa kila mmoja alikuwa timu yake peke yake. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakafika 135,027. Piga hesabu, kila kiti kimoja kinagombewa na watu 84 na ushei.

Nimekutajia tarakimu hizi kwa sababu moja. Ukikosa, usijione mjinga. Katika watu 84, hata wakiwa wote ni werevu, 83 watarudi nyumbani. Lakini hao 83 nao ni watu. Wana nauli waliyokopa, wana mama anayeuliza kila jioni, "Mwanangu, wamesemaje?" Na yeye anajibu, "Bado, mama." Hilo "bado" ndilo ninalogombana nalo.

SAFARI YA BARUA MOJA

Sasa ngoja nikupeleke ofisini. Ofisi yenyewe siitaji jina. Iko hapa hapa mjini, ina bendera, ina mwembe, na ina mbuzi asiyejulikana ni wa nani. Nilipeleka barua yangu ya maombi pale nikiwa nimevaa shati la kaka.

Mtu wa kwanza ni mlinzi. Usimdharau mlinzi. Yeye ndiye ofisa ajira wa kwanza katika kila ofisi. Atakutazama viatu, kisha uso, kisha viatu tena. Halafu atakupa kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "sababu ya kuja" mara ya kwanza niliandika "kuleta barua ya maombi". Mara ya pili, "kufuatilia barua". Mara ya tano, "kufuatilia majibu ya ufuatiliaji". Nilipofika mara ya kumi na tisa mlinzi alikuwa ameshanijazia mwenyewe. Jina langu, na kwenye sababu ya kuja kaandika neno moja: "kawaida".

Ndani yupo katibu muhtasi. Huyu ana jibu moja linalofaa kwa maswali yote: "Bosi ametoka kidogo." Ukichungulia unaona koti la bosi liko kwenye kiti. Koti linawahi kazini kuliko watu wote na linatoka mwisho. Kama mshahara ungelipwa kwa mahudhurio, koti lile lingekuwa limejenga ghorofa.

Saa za kazi za serikali zinajulikana, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Lakini pale nilijifunza ratiba nyingine. Saa 1:30 unafunguliwa mlango. Saa 2:30 yanafunguliwa madirisha. Saa 3 ni salamu na habari za msiba wa jana. Saa 4 chai. Saa 5 bosi yuko kikaoni. Saa 7 chakula. Saa 8 kuna wingu juu ya ziwa na mvua inataka kunyesha. Saa 9:30 juu ya alama, ofisi imefungwa. Hiyo ndiyo saa pekee inayoheshimiwa.

Siku moja mzee mmoja kutoka Ilagala aliingia pale na bahasha yake, akanikuta benchini. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwa kujiamini akadhani mimi ni wa hapo. Akanivulia kofia, akaniuliza, "Mkubwa, mheshimiwa yupo?" Kabla sijafikiri, mdomo ukajibu wenyewe: "Shikamoo mzee. Ametoka kidogo."

Wenzangu mnacheka. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Lakini tazama ofisi inavyofanya kazi. Mshahara haijanipa, ila maneno yake imeshanipa bure.

GHARAMA HAIANDIKWI

Kuna watu wanasema kutafuta kazi hakugharimu kitu. Hao wana kazi. Barua moja ina picha za pasipoti, nakala za vyeti, muhuri wa wakili wa kuthibitisha nakala, barua ya serikali ya mtaa, bahasha kubwa ya kaki, na nauli. Siku hizi maombi mengi ya serikali yanapitia kwenye mfumo wa intaneti wa Sekretarieti ya Ajira, na hilo nalisifu bila kuomba radhi, kwa sababu tangazo analiona wa Kibondo sawa na wa Masaki. Lakini kuliona tangazo kunataka bando, na kuitikia usaili kunataka tiketi ya treni.

Sisi wa Kigoma tuna gharama moja zaidi. Tumepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kwa hiyo mwenzako wa mkoa mwingine akiulizwa cheti, wewe unaulizwa babu. "Babu yako alizaliwa wapi? Alihamia lini? Nyumbani mnaongea lugha gani?" Watu wa mkoa huu wamelalamikia jambo hili miaka nenda miaka rudi. Namba ya NIDA inachelewa, na namba ikichelewa, tangazo halikusubiri.

Na hapo ndipo kichekesho kinapokuwa kizuri. Nenda kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi, kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, utazame wanachopenda kwa mwombaji. Ajue Kirundi! Basi, ofisi ya kwanza inakutilia shaka kwa sababu unakijua Kirundi, na ofisi ya pili inakukataa kwa sababu hukijui vya kutosha. Kijana wa Kigoma akae wapi? Akae ziwani?

NJIA ZA MKATO

Ukichoka benchi watakuja wenye njia ya mkato. Wa kwanza ni mwenye mjomba. Huyu hana shida, mwacheni apite, mjomba wake naye atastaafu.

Wa pili ni wa "chai". Majina yake mengi: soda, maji, mafuta ya gari, nauli ya kufuatilia faili. Dada zetu wao huombwa kisichoingia kwenye bahasha. Kumbuka Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalitaja hilo pia, kifungu cha 25, kwamba kutumia madaraka kudai ngono ili mtu apewe ajira ni kosa la jinai. Simu ya TAKUKURU ni 113 na hailipiwi.

Wa tatu ni tapeli wa fomu, anayekutumia ujumbe kwamba umechaguliwa, tuma kidogo ya usajili. Sekretarieti ya Ajira haitozi ada ya kuomba kazi. Anayekudai fedha ili uajiriwe, yeye ndiye aliyepata kazi, na mwajiri wake ni wewe!

Wa nne ni fundi wa vyeti. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi wa umma wenye vyeti vya kughushi. Walikuwa 9,932. Watu wenye familia, wenye mikopo, wengine walibakiza muda mfupi kustaafu, wakaondoka mikono mitupu. Cheti feki ni kama nyumba juu ya mchanga wa Kibirizi. Unaweza kulala humo miaka, lakini ziwa linajua liliuacha mchanga wake wapi.

Lakini nataka wenye ofisi nao wasikie. Wanaouza njia ya mkato wanapata wateja kwa sababu njia kuu imefungwa na haina kibao. Mtu aliyeambiwa wazi kwamba nafasi zimejaa hamlipi tapeli. Anayelipa ni yule aliyeachwa gizani.

ZIWA LINA ADABU

Shuka Katonga au Kibirizi jioni uwatazame wavuvi wa dagaa na migebuka. Wanatoka na taa zao, wanakesha majini, wanapigwa baridi. Alfajiri wanarudi. Wengine wamejaza, wengine mitumbwi mitupu. Lakini hakuna mvuvi anayerudi asubuhi akiwa hajui kama amepata au amekosa. Ziwa likikunyima, linakunyima usiku uleule. Haliandiki kwamba "maombi yako yanashughulikiwa".

Hata mbalamwezi ikiwa kubwa, mvuvi anajua siku hizo taa haisaidii, anashona nyavu. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Iliuma, kweli iliuma, Mwanga nzima ilinyong'onyea. Lakini angalia, ilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kijana aliyezoea kuvua akasema, miezi mitatu hii nitapakia mawese, nitachoma matofali, nitakwenda shamba Kasulu. Alipanga maisha yake kwa sababu aliambiwa.

Kwa nini basi samaki apewe tarehe na binadamu mwenye cheti asipewe?

MAMA WA MASJALA

Sitaki uondoke ukidhani ofisini hamna watu. Wamo. Katika ile ofisi yangu isiyo na jina alikuwamo mama mmoja wa masjala, mtu wa makamo, miwani imefungwa uzi. Siku hiyo aliniona nimeshika bahasha nyingine akaniita pembeni.

"Mwanangu, kila siku unaleta barua moja?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba. Ukileta barua moja, ukitoka mlangoni huna ushahidi kwamba ulikuja. Leta mbili. Moja waache, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa, wakuandikie na tarehe. Hiyo ondoka nayo."

Ndugu msomaji, hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote nilivyopata kwenye benchi lile. Nikafanya hivyo. Muhuri, tarehe, saini. Kisha nikajifunza jambo la pili. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayosema raia akiomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, anatakiwa ajibiwe ndani ya siku 30. Sheria haisemi upewe kazi. Inasema upewe taarifa. Nikaandika mistari minne: nafasi nilizoomba kwa barua yenye muhuri wa tarehe fulani, je, zimejazwa? Kama bado, zitajazwa lini?

Mlinzi akaniuliza, "Leo niandike kawaida?" Nikamwambia, "Hapana kaka, leo andika sheria."

Siku hazikufika 30. Jibu likaja, mistari miwili, limepigwa chapa vizuri: nafasi zilikuwa zimejazwa mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia! Yaani nusu ya safari zangu zote nilikuwa nafuatilia kiti chenye mtu.

Unadhani nililia? Nilikwenda pale Mwanga sokoni nikanunua migebuka miwili, nikala na wali, nikalala usingizi wa mchana. Kesho yake, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, sikuwa na pa kwenda kufuatilia. Nikachukua daftari nikashuka Kibirizi, nikazungumza na wapakiaji wa mizigo ya Kongo, nikaandika habari. Hiyo ndiyo ikawa ya kwanza kuchapwa. "Hapana" ya mistari miwili ilinirudishia siku zangu.

TUDAI NINI?

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 22, inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, na kila raia ana haki ya fursa sawa katika kazi za umma. Najua, ukiisoma ibara ile benchini, benchi halilainiki. Basi tudai kwanza vile vidogo ambavyo havihitaji bajeti wala mfadhili.

Tangazo la kazi liwe na tarehe ya mwisho wa kupokea barua, na tarehe ya kutoa majibu. Nafasi zikijazwa, karatasi moja ibandikwe ubaoni kwamba zimejazwa. Aliyeitwa kwenye usaili aambiwe matokeo yake, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mfupi unagharimu nini ukilinganisha na chai ya saa 4?

Na wewe kijana una yako ya kufanya. Usiipe ofisi wiki nzima. Ipe siku moja, zilizobaki zipeleke kwenye kitu kinachokujibu, iwe shamba, ziwa, fundi seremala, kalamu au duka la simu. Usiache barua bila nakala yenye muhuri. Usilipe mtu ili uajiriwe. Usioneane haya na mwenzako kuhusu kukosa. Mkikaa kijiweni ambianeni ni ofisi gani imekwisha kujaza, ili mwingine asikope nauli kwenda kutazama koti.

Halafu lipo la mwisho, na hili ni la yule mmoja kati ya 84 ambaye atapata. Naye yumo humu anasoma, simjui, lakini yumo. Siku ukikalia kiti hicho, utakuta mezani rundo la bahasha za kaki. Kila bahasha ina mtu aliyeazima shati. Huwezi kuwaajiri wote, hakuna anayekudai hivyo. Chukua karatasi, waandikie mistari miwili. Kisha vaa koti lako au liache nyumbani, ila usilitundike kwenye kiti likajibu kwa niaba yako.

Kwa sasa tuanzie na nakala mbili, muhuri na tarehe.